Ndewe za Mtongwe

Nyanya yangu wa Mtongwe alikuwa na matundu saba kila sikio. Sita yalipanda ukingoni, moja juu ya jingine, na la saba lilikuwa chini kwenye nyama laini, pana kiasi cha kupitisha kidole cha mtoto. Najua, kwa kuwa nilikipitisha changu mara nyingi, yeye amekaa mkekani anachambua mchele, mimi nimejilaza pajani pake. Majasi yake ya fedha yalikuwa yamekwisha kuuzwa kwa sonara wa kisiwani Mombasa, mwaka ambao babu alikosa kibarua bandarini, na ndewe ikabaki tupu. Akiinama kupuliza moto, ilicheza. Siku moja nilimwuliza kwa nini asiende hospitali akashonwa. Akasema, "Mjukuu wangu, hii nilitiwa na mamangu. Atanitambuaje huko ahera nikenda nayo imefungwa?"

Nimelibeba jibu hilo miaka mingi. Sasa kila wiki nasikia habari za vijana wa Kisauni na Likoni wanaouliza wapi wanaweza kurekebishiwa masikio: mmoja yamechomoza, mwingine ndewe imechanika kwa hereni nzito, mwingine kovu limeota kama yai nyuma ya sikio. Wanaliuliza kama jambo jipya lililoletwa na simu. Si jipya. Upande wetu huu wa bara, sikio limekuwa likitobolewa na kutanuliwa kwa zaidi ya miaka mia, baadaye likishonwa na kukunjwa, na kila mara aliyekaa chini ya mwiba au kisu alikuwa akifikiria jicho la mtu mwingine.

Lugha yenyewe ni shahidi. Kiswahili hakikutosheka na jina la pambo. Kililipa jina hata tundu. Kutoboa sikio ni kutoga. Tundu la chini ni ndewe. Kinachoning'inia ukingoni ni kipuli, na kile kisahani cha duara kinachojaza ndewe ni jasi. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, waliyakuta maneno ya namna hii vinywani mwa watu, yamezeeka tayari. Mwanamke wa pwani aliyejiweza alivaa fedha au dhahabu. Asiyejiweza alikunja karatasi ya rangi ikawa gurudumu dogo, akaipachika pale pale, na picha za zamani za Mombasa, Lamu na Unguja zimejaa wanawake wenye magurudumu hayo.

Kazi ilianza mtoto akiwa mdogo. Mwanamke mwenye mkono mtulivu alichukua sindano au mwiba, akapitisha uzi uliolowa mafuta ya nazi, akaufunga kitanzi. Uzi ulizungushwa kila siku ili nyama isiushike. Jeraha lilipokauka, uzi ulibadilishwa kwa chelewa ya ukuti, kisha kijiti kinene kidogo, kisha karatasi iliyokunjwa, na karatasi ikaongezwa mzunguko mmoja mmoja mpaka ndewe ikafika kimo cha jasi. Haraka iliharibu. Aliyetanua kwa pupa alichana nyama, na ndewe iliyochanika ilimfanya binti avae mtandio hata jikoni.

Wanawake hao walijua kwa vidole kile ambacho daktari anakijua kwa kitabu. Sikio ni vitu viwili tofauti. Ile nyama ya chini haina mfupa wala gegedu. Ni ngozi na mafuta, ina damu ya kutosha, hupona upesi na huvutika. Sehemu iliyobaki, ile inayolipa sikio mikunjo yake, ni gegedu lililofunikwa ngozi nyembamba. Gegedu halina mishipa ya damu yake lenyewe. Hula kupitia utando unaoligusa. Vijidudu vikiingia kati ya utando na gegedu, chakula hukatika, gegedu hufa, na sikio hunyauka na kujikunja kama jani lililopitiwa na moto. Ndiyo maana vipuli vya ukingoni vilitiwa kwenye vitundu vyembamba. Anayetobolewa leo juu ya sikio kwa bastola ya dukani angefanya vyema kulijua hili, maana bastola huponda gegedu ambalo sindano ingelipenya tu.

Ng'ambo ya mkono wa bahari wa Makupa palikuwa na masikio mengine. Changamwe ni jina la kale: Wachangamwe, Wakilindini na Watangana ndiyo Miji Mitatu kati ya miji kumi na miwili ya Waswahili wa Mombasa. Lakini tangu reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, na hasa bandari ya Kilindini ilipopanuliwa miaka ya 1920, Changamwe ikawa mlango wa watu wa bara ya mbali. Walikuja Wakamba, Wataita, Wakikuyu, Wajaluo, kutafuta kazi ya reli na ya makuli. Miongoni mwa walioshuka kutoka nyanda za juu walikuwamo wanaume wenye ndewe pana kuliko ya mwanamke yeyote wa Likoni, zilizotanuliwa kwa vigingi vya mti tangu ujanani. Kwao hiyo ilikuwa alama ya kukua. Jomo Kenyatta aliieleza desturi ya kutoga kwa Wakikuyu katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya maisha ya watu wake: kwanza sehemu ya juu ya sikio, kisha ya chini, kila moja kwa wakati wake, kama madarasa. Ndewe ilikuwa na faida nyingine pia, kwa mtu asiyekuwa na mfuko: mkebe wa ugoro ulikaa humo.

Hapa pana jambo linaloniuma, na sitaki kulipita haraka. Mji wa Mombasa, uliojaa mama zetu wenye majasi, uliwatazama wanaume hao na kuwaita washenzi kwa ajili ya masikio yao. Tundu ni lile lile. Likijazwa fedha likaitwa ustaarabu, likijazwa kigingi likaitwa ushamba. Aliyetoka Changamwe kwenda kuomba kazi kisiwani alipimwa kwa ndewe zake kabla hajafungua kinywa.

Upande wa Kisauni mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1875 jumuiya ya wamishonari ya CMS ilianzisha Freretown, makazi ya watumwa walioachiliwa, ikaiita kwa jina la Sir Bartle Frere. Kengele yake ndiyo iliyoipa Kengeleni jina. Watu walioshushwa pale walitoka Uyao, Umakua, Unyasa na kwingineko, na wengi walikuja na miili iliyokwisha kuandikwa na wazee wao: chale, meno yaliyochongwa, midomo na masikio yaliyotobolewa. Watoto wao walilelewa kwa shule, shati na jina la ubatizo. Hakuna aliyewashona, alama zilikoma tu, kizazi kimoja kikipisha kingine, na pamoja nazo ikakatika njia ya mjukuu kujua babu alitoka kijiji gani.

Uzi wa kushonea ndewe uliletwa na Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon, manowari za Waingereza zilihamia Kilindini, na Port Reitz ikajaa ndege. Vijana wa jeshi la King's African Rifles walipitia bandari hii kuelekea mashariki, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikipigana Burma. Kwa mara ya kwanza maelfu ya wanaume wa makabila yote walikula, walivaa na kupimwa afya pamoja. Baadhi ya wenye ndewe waliwaomba madaktari wa jeshi wawashone. Sababu yake si ngumu kuiona: mtu aliyefundishwa kuendesha lori au kupokea simu ya redio, aliyeona miji na bahari, hakutaka kurudi Changamwe aitwe mshenzi na karani. Sijasoma popote kwamba walilazimishwa. Lakini hiari ya mtu anayechekwa kila siku ni hiari yenye mzigo mgongoni.

Kushona ndewe kwaonekana rahisi, na ndiyo maana watu hujaribiwa kujishonea au kujigandisha kwa gundi. Haishiki. Ndani ya tundu lililopona mna ngozi kamili, na ngozi kwa ngozi haiungani hata ukizifunga mwaka mzima. Vidole vyako viwili vimegusana tangu uzaliwe na bado ni viwili. Mshonaji lazima kwanza aiondoe ngozi iliyopamba tundu, azirudishe kingo kuwa jeraha bichi, ndipo azikutanishe. Ndewe ndefu hukatwa sehemu, kisha kilichobaki hupangwa upya ili sikio lipate umbo la duara. Hufanywa kwa ganzi, mgonjwa yu macho, na kwa kawaida huchukua chini ya saa moja. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hivi. Anayetaka kutogwa tena husubiri miezi kadhaa, na hutogwa pembeni mwa kovu, kwa kuwa kovu ni dhaifu kuliko nyama liliyoiziba.

Elimu hii ni ya kale kuliko jeshi lolote la Uingereza, nayo ilizaliwa ng'ambo ya bahari hii hii. Huko India, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, maandishi yanayohusishwa na tabibu Sushruta yaliorodhesha njia 15 za kuunga ndewe iliyochanika. Kwa nini India? Kwa sababu na wao walitoga na kutanua. Penye mwiba ndipo uzi ulipogunduliwa. Majahazi yalituletea kutoka huko nguo, shanga na sonara mwenyewe, lakini mshonaji wa ndewe hakupanda. Ilibidi tumngoje aje na kofia ya chuma.

Baada ya vita alikuja mshonaji wa namna nyingine. Sir Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa amewatengenezea nyuso marubani walioungua vitani, katika hospitali ya East Grinstead, Uingereza. Alipata shamba karibu na Kilimanjaro, na huko yeye, mwanafunzi wake Michael Wood aliyekuwa akiishi Kenya, na Mmarekani Thomas Rees wakapanga kupeleka upasuaji kwa ndege hadi hospitali za mbali. Mwaka 1957 likazaliwa shirika tunalolijua leo kwa jina la Amref. Wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha umbo, na kazi yao kubwa huku ilikuwa ya walioungua moto, waliozaliwa na midomo wazi, walioraruliwa na wanyama.

Rees, akirudi New York, alifanya kazi katika hospitali ya macho, masikio na koo ya Manhattan. Ni hospitali hiyo hiyo ambayo mwaka 1881 daktari Edward Talbot Ely alimpasua mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akidhihakiwa shuleni kwa masikio yaliyochomoza. Huo ndio upasuaji wa kwanza ulioandikwa wa kulaza masikio kwa ajili ya sura tu. Ely alikata ngozi na gegedu, na kwa miaka mingi waliomfuata walikata kama yeye. Mwaka 1910 William Luckett aligundua kosa liko wapi hasa: sikio linalochomoza mara nyingi halina mkunjo wake wa ndani, basi rudisha mkunjo na sikio litalala lenyewe. Mwaka 1963 Mskoti Jack Mustardé akaonyesha kwamba mkunjo huo waweza kurudishwa kwa nyuzi za kudumu zilizofichwa nyuma, bila kukatakata gegedu. Uzeeni alikwenda Accra, Ghana, kusaidia kuanzisha kituo cha upasuaji wa urekebishaji.

Njia ya Mustardé, peke yake au pamoja na nyingine, ndiyo atakayokutana nayo kijana wa Bamburi au Miritini akienda kwa bingwa leo. Chale hupita nyuma ya sikio, mahali ambapo kovu halionekani. Mtu mzima aweza kufanyiwa kwa ganzi. Mtoto hulazwa kwa nusu kaputi, na upande wetu wa pwani, ambako selimundu ni ugonjwa wa nyumba nyingi, mzazi asikubali dawa ya usingizi kabla damu ya mtoto haijapimwa. Kazi huchukua saa moja au mbili. Kichwa hufungwa bendeji siku kadhaa hadi wiki, kisha huvaliwa utepe usiku kwa wiki kadhaa ili sikio lisikunjwe na mto. Maumivu madogo ni ya kawaida. Maumivu yanayozidi, tena ya upande mmoja, si ya kawaida: yaweza kuwa damu iliyoganda chini ya ngozi, inayoliua gegedu kwa njaa ile niliyoieleza. Mgonjwa harudi kesho. Anarudi usiku huo huo, hata kama ni kuvuka feri. Muulize daktari mapema ni nani atakayekufungulia mlango saa hiyo. Kofia ya bodaboda, kuogelea na mpira wa miguu vingoje ruhusa.

Usikivu haubadiliki, wala kuongezeka wala kupungua. Masikio mawili hayatafanana kabisa, kwa sababu hayakufanana tangu mwanzo. Nyuzi huweza kulegea na sikio likarudi lilikokuwa. Vibanio vinavyouzwa mitandaoni kwa watu wazima havina kazi, gegedu likishakomaa limekomaa. Kwa mtoto mchanga mambo ni mengine: katika wiki za mwanzo gegedu lake bado laini kwa homoni za mama, na tangu Kiyoshi Matsuo wa Japani alipoandika juu yake mwaka 1984, madaktari hulitengeneza kwa kibanio na plasta bila kisu. Wakunga wetu waliokanda vichwa na pua za vichanga walikuwa jirani kabisa na jambo hilo. Baada ya hapo ni kungoja. Umri wa miaka mitano au sita sikio limekaribia ukubwa wa utu uzima na laweza kupasuliwa, lakini mimi naona angojwe mtoto mwenyewe aseme. Anayeudhika mara nyingi ni shangazi.

Nilisema kuhusu kovu linaloota. Daktari wa Paris, Jean-Louis Alibert, alilipa jina la keloidi mwanzoni mwa karne ya 19 kutokana na neno la Kigiriki la gando la kaa, kwa jinsi linavyotambaa nje ya mipaka ya jeraha. Mtoto yeyote wa Mtongwe aliyecheza mikokoni ataelewa. Keloidi huwapata zaidi watu weusi, hurithiwa, na sikio ni mojawapo ya makao yake. Ukiikata tu, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza. Kukata lazima kufuatane na sindano za steroidi, au kibanio cha kubana, wakati mwingine mionzi. Kwa hiyo swali la kwanza la daktari makini si pesa. Ni hili: nani kwenu ana kovu lililovimba? Ukiwa nalo wewe au mamako, kulaza masikio ni kamari ya kubadilisha kitu unachoweza kukificha kwa nywele kwa kitu kisichofichika. Katika familia za namna hiyo, anayetogwa mdogo yu salama zaidi kuliko anayetogwa baada ya miaka 11. Nyanya zetu, waliotogwa mapema, walikuwa na bahati hiyo bila kuisoma.

Na jina la daktari? Baraza la madaktari la Kenya lina daftari, liko wazi, na leseni hufanywa upya kila mwaka. Tafuta jina lenyewe na ubingwa wake; jina la kliniki ukutani halitoshi. Mwaka 2024 mwanamke alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa kupunguza mafuta, na baraza likaifunga kliniki. Kwake yeye ilikuwa imechelewa.

Wengi huku huuliza pia la dini, nao wana haki. Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, likikutana Putrajaya, Malaysia, liliruhusu upasuaji wa kuondoa kasoro ya kuzaliwa au ya ajali, hata ile inayomdhuru mtu nafsini, na likakataza ule wa kubadilisha umbo lililo sawa kwa kufuata matamanio. Wanavyuoni hukumbusha habari ya Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, akatia ya fedha ikanuka, na Mtume akamwamuru atie ya dhahabu. Sikio lililochomoza liko upande gani wa mstari huo? Nimewasikia masheikh wakitofautiana, na kila mmoja humwuliza mwulizaji kwanza anaumia kiasi gani.

Mzee mmoja jirani yetu, aliyefanya kazi reli maisha yake yote, alishonwa ndewe zote mbili akiwa kijana. Nilikuwa nikimwona msikitini Likoni akitia udhu. Kupaka masikio maji ni sunna kwetu Mashafii, tena ni kitendo cha sekunde, lakini yeye alikawia. Kidole gumba kilipita nyuma ya sikio, kikashuka, kikafika kwenye mshono, kikasimama hapo kidogo kabla hajaendelea na miguu.